Darizi ya uzi mwekundu kwenye sweta za butiki: mstari unaozama na rangi inayochuja

Dada uliyeuliza kutoka Kakamega, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema michoro ya kizamani ya uzi mwekundu inatoka vizuri ukiidarizi kwa mashine kwenye kitambaa cha shuka, lakini kwenye sweta nzito za pamba, zile zenye manyoya laini kwa ndani, mistari inazama na kitambaa kinajikunja kando yake, na sasa unataka kuujaza mchoro wote uzi ili uonekane. Tafadhali usiujaze. Nimeifanya kazi hii hapa Nakuru kwa miaka tisa, nikianzia na beji za sweta za shule kabla butiki hazijaanza kuniletea kazi, na kwa maelezo uliyotoa sioni kosa lolote katika mchoro wako.

Wengi wetu tuliikuta darizi ya aina hii, ya mistari mitupu isiyojazwa uzi, nyumbani kabla hatujaijua kwa jina. Mama yangu alikuwa na vitambaa vya makochi vyenye tausi na vikapu vya maua, alivyovichora kwa penseli kisha akaufuata mstari kwa uzi mmoja, na uzuri wote ulikuwa katika ule weupe aliouacha ndani ya mchoro. Huko Marekani na Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake na watoto walifanya hivyohivyo kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Marekani viliuzwa hata vipande vya mraba vya bafta vilivyokwisha kupigwa chapa ya mchoro, kwa senti moja kila kimoja. Nyekundu ilipendwa kwa sababu ya kazi: nyekundu ya Kituruki, ambayo asili yake ni mizizi ya mmea wa rubia na mafuta katika mchakato mrefu, ilikuwa miongoni mwa rangi chache zilizostahimili kufuliwa kwa sabuni na maji moto bila kuchuja. Wakemia wa Ujerumani walipofaulu kukiunda kiini cha rangi hiyo mwaka 1868, upatikanaji wake ukawa rahisi zaidi. Kwa hiyo mtindo huu wote umesimama juu ya uzi usiochuja, na ndiyo maana naanza na uzi kabla ya kugusa mashine.

Hilo nililijua kwa hasara. Nilidarizi sweta 12 za rangi ya maziwa kwa ajili ya duka moja la Kisumu, kila moja ikiwa na kuku na vifaranga watatu kifuani, kwa uzi wa rayoni ambao muuzaji alinihakikishia kuwa hauchuji. Baada ya fuo la kwanza mteja mmoja alirudisha yake, na nilipoitandaza mezani niliona kila kifaranga amezungukwa na ukungu wa waridi, mpana kama ukucha wa kidole kidogo. Nilizilipa zote. Tangu siku hiyo kila kibiringo kipya cha uzi mwekundu, hata kama ni cha poliesta ninayoiamini zaidi, hupimwa kwanza: ninashona mistari michache kwenye kipande cha pamba nyeupe, ninakiloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, kisha ninakiweka kikiwa bado kimelowa katikati ya vitambaa viwili vyeupe na kukipiga pasi. Doa likitokea kwenye vitambaa hivyo, uzi huo haugusi sweta ya mtu. Na sweta yenyewe, ikiwa ni ya pamba, ifuliwe na kukauka kabla ya kudarizi, kwa kuwa ikisinyaa baada ya darizi, mistari nayo itajikunja.

Sasa tuje kwenye mstari unaozama. Kitambaa cha sweta hii kimefumwa kama fulana, kwa hiyo kinavutika na ni laini, na mshono mmoja mwembamba hupotea humo kama nyayo kwenye nyasi. Dawa yake ni kutumia mshono wa mara tatu, ambao sindano huenda mbele, hurudi, kisha huenda mbele tena katika matundu yaleyale, kila hatua ikiwa na urefu wa milimita 2.5 hivi; na juu ya sweta utandaze ile karatasi nyembamba kama nailoni inayoyeyuka majini, ili uzi ukae juu ya kitambaa. Hapa ndipo jicho la kuku wangu liliokolewa, kwa maana kabla ya hapo lilikuwa kitundu tu. Usiukuze mchoro kwenye mashine kwa zaidi ya asilimia 10 au 20, kwa sababu mashine nyingi hurefusha hatua za mshono bila kuongeza mpya. Weka uzi mwekundu uleule kwenye bobini pia, yaani kile kibiringo kidogo cha uzi wa chini, kwani katika mstari mwembamba kama huu nukta moja nyeupe inayochungulia juu huonekana mara moja.

Kwa upande wa chini, tumia kikazio, yaani kile kitambaa cha kuishikilia sweta isivutike, cha aina inayokatwa kwa mkasi na kubaki ndani ya nguo. Kile cha kuchanika ni kizuri kwa shuka, lakini kwenye kitambaa kinachovutika kinauacha mshono bila tegemeo mara tu unapokichana, na nadhani hapo ndipo mikunjo yako inapotoka. Mimi hubana kikazio peke yake kwenye fremu, ninakipulizia gundi ya muda, kisha ninailaza sweta juu yake bila kuivuta hata kidogo na kuishikiza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, pande zote nne. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 75/11, na mwendo usizidi mishono 600 kwa dakika. Kabla ya kuwasha, pitisha mkono ndani ya sweta uhakikishe mgongo haujaingia chini ya sindano. Nimewahi kufumua kifua kilichoshonwa pamoja na mgongo, na kazi hiyo ilinichukua mchana mzima.

Kuhusu mahali pa kuuweka mchoro, vidole vinne chini ya ukosi panatosha kwa mtu mzima. Sweta za watoto nazibandikia kitambaa laini cha kupiga pasi kwa ndani, kwa sababu mafundo ya uzi huwakwaruza. Anza na mchoro mmoja mdogo, kwenye sweta moja ya mtumba ya rangi hafifu, uifue mara tatu, kisha uniambie mstari umekaaje na kama weupe ulioko ndani ya mchoro umebaki mweupe.