Tajiri anapiga simu jikoni, zamu ya usiku haijui kitu: nifanyeje?

Swali: Assalamu alaykum. Nasimamia hoteli ndogo ya ufuoni hapa Malindi, wafanyakazi 14. Tajiri wetu yuko Italia miezi mingi, lakini humpigia mpishi simu moja kwa moja na kubadilisha niliyopanga. Zamu ya usiku nayo haijui ya mchana imeacha nini. Juzi wageni walilala bila maji kwa kuwa mlinzi hakumwita fundi wa pampu. Nataka kununua programu ya kupanga zamu, na mlinzi nimfute kazi. Wanishauri vipi?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Programu iache kwanza. Itakuonyesha nani yuko kazini saa ngapi, na hilo hata karatasi ya ukutani inalionyesha. Shida yako ni kwamba mpishi ana wakubwa wawili, na habari ya pampu haikuwa na mwenyewe.

La wakubwa wawili ni la zamani. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kwa miaka 30, aliliandika mwaka 1916: mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja tu. Nililisoma darasani, kisha nikaliona kazini mara nyingi. Mwenye amri mbili hushika ya yule anayelipa mshahara, halafu msimamizi humwona mkaidi. Mpishi wako si mkaidi, ana familia.

Kwa hiyo zungumza na tajiri. Usimkataze kupiga simu, hoteli ni yake. Mwombe maagizo yapitie kwako, nawe umpelekee taarifa fupi kila jioni: vyumba vilivyojaa, manunuzi ya soko, kilichoharibika. Aliye mbali hupiga simu jikoni kwa sababu hana habari. Akizipata kabla hajauliza, simu hupungua. Mkikubaliana, wafanyakazi wote waambiwe, mpishi wa kwanza.

Sasa makabidhiano ya zamu, na hapa ndipo ningetaka uweke nguvu zako zaidi. Zamu zikianza na kwisha dakika ileile, watu hupishana langoni kwa salamu tu. Anayeingia afike dakika 15 kabla mwenzake hajatoka, na dakika hizo zilipwe, kwani ni kazi. Wasimame pamoja na daftari moja. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, unazama chini ya picha za harusi. Kila jambo lisilokwisha liandikwe: ni nini, wapi, nani ameitwa, anakuja lini, na nani anafuatilia. “Pampu mbovu” si taarifa. “Pampu ya kisima haivuti tangu saa tisa alasiri, fundi ameahidi kuja saa moja usiku, asipofika mlinzi ampigie, vyumba vya juu vipelekewe maji kwa ndoo” hiyo ndiyo taarifa. Anayeingia aisome kwa sauti mbele ya mwenzake, aulize, kisha atie sahihi. Marubani nao hurudia kwa sauti maelekezo ya waongoza ndege, ili kosa la kusikia lijulikane palepale.

Wewe lipitie daftari kila asubuhi na uulize yaliyobaki. Wakijua husomi, wataacha kuandika.

Mlinzi usimfute. Kama hakuambiwa kuhusu pampu, angemwita vipi fundi? Na hata kama unaamini ana kosa, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na usikilize utetezi wao kabla ya kuamua. Ukipuuza hatua hiyo, mahakama inaweza kuamua kwamba umemwachisha isivyo haki hata kama kosa lilikuwepo.

Kaa naye wiki hii. Muulize ni mambo gani mengine ya mchana hayamfikii, na hayo yawe ya kwanza kuingia kwenye daftari.