Mwanangu, kuhusu dozi za UTI na tumbo lako

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na kwa kuwa umebeba mambo mengi nimeona nikujibu kwa kuandika, usome taratibu ukishatoka kazini. Unasema tangu mwaka jana unatoka dozi hii unaingia nyingine kwa ajili ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na sasa tumbo linajaa gesi na choo hakieleweki. Rafiki yako kakwambia antibiotiki, hizo dawa za kuua bakteria, zimekumalizia bakteria wazuri wote wa tumboni, hawarudi tena, na yeye anazo probayotiki, yaani bakteria wazuri walio hai wa kumeza, za kukuuzia. Halafu unamhofia mjukuu wangu: alipewa amoksilini akiwa mchanga, je, atakuja kuwa na pumu?

Nianze na hilo la kurudi. Wengi hurudi. Mwaka 2018 watafiti wa Copenhagen walitoa matokeo ya vijana 12 wenye afya njema waliopewa antibiotiki tatu nzito kwa siku nne. Baada ya mwezi mmoja na nusu matumbo yao yalikuwa yamekaribia hali ya mwanzo. Hata hivyo kulikuwa na aina tisa za bakteria ambazo wote walikuwa nazo kabla ya dawa, na kwa wengi wao hazikuonekana tena hata siku ya 180. Kabla ya hapo, wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu watatu antibiotiki iitwayo sipro mara mbili ndani ya miezi kumi, wakafuatilia vinyesi vyao. Bakteria walianza kurejea wiki moja tu baada ya dozi kuisha, lakini mpangilio wao haukurudi sawasawa na ule wa awali. Kwa hiyo rafiki yako kakuza mambo, ila hakutunga yote. Dozi moja yenye sababu mwili unaimudu. Kinachonipa wasiwasi ni huu mfululizo wako.

Antibiotiki haimjui mwenye hatia. Ni kama kamatakamata ya usiku: anayetafutwa mmoja, wanaobebwa kijiwe kizima. Na hao wanaobebwa walikuwa na kazi. Wanakula nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wanatengeneza asidi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Pia wanajaza nafasi, mgeni mbaya akija anakuta pamekaliwa. Wakipungua, choo kinalegea, tumbo linanguruma, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe dawa ikiisha. Usichopaswa kukivumilia ni kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, pamoja na homa, maumivu makali au damu, iwe wakati wa dozi au wiki kadhaa baada yake. Hapo nenda hospitali na useme ulikuwa unatumia antibiotiki. Usinunue vidonge vya kufunga choo. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayevizia utumbo uliobaki mtupu, na anaua watu.

Huyo ndiye aliyewafanya madaktari wakubali jambo ambalo ukiliambia kijiweni watakuona umechanganyikiwa: kumtibu mgonjwa kwa kinyesi cha mtu mwenye afya. Mwaka 2013 Waholanzi walichapisha matokeo yao. Wagonjwa 13 kati ya 16 walipona baada ya kupewa mara moja tu, ilhali waliotibiwa kwa antibiotiki ya vankomaisini walipona 4 kati ya 13. Wewe hujafika huko na hutafika. Nimekutajia ili ujue kwamba hao bakteria wazuri ni sehemu ya mwili kama ilivyo ini.

Sasa tuje kwenye kiini, maana naona umeniuliza kuhusu tumbo lakini tatizo lenyewe liko kwenye hizo UTI. Nani kakuthibitishia kwamba zote zilikuwa UTI? Siku hizi ukiumwa mgongo una UTI, ukichoka una UTI, ukikosa usingizi una UTI, na ikijirudia inaitwa UTI sugu. Anayetoa jibu mara nyingi kaangalia kijiti cha kupimia mkojo au kaona seli za usaha chache kwenye hadubini, basi. Mimi nimekaa maabara maisha yangu yote ya kazi, mwanangu. Seli za usaha peke yake hazithibitishi. Mwanamke akikinga mkojo wa mwanzo, bila kuacha kidogo utangulie, uchafu wa nje unaingia kwenye kopo na picha inaharibika.

Kipimo chenye neno la mwisho ni kuotesha. Mkojo unapakwa kwenye sahani, unalala kwenye inkubeta, lile kabati la joto, na asubuhi kama ni E. coli, bakteria anayesababisha UTI nyingi, unakuta vidoa vya waridi kwenye agari ya MacConkey, hicho chakula cha bakteria kilichomo sahanini. Halafu anapandwa upya kwenye sahani nyingine iliyowekwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake unasoma. Karatasi iliyozungukwa na duara tupu, dawa hiyo inamuua. Karatasi ambayo bakteria wameota hadi ukingoni mwake, hata upewe dozi tatu hutapona. Nilipenda sana kazi ya kusoma zile sahani, na iliniuma kuona sampuli nyingi zikija baada ya mgonjwa kuwa ameshachoma sindano za siku tano.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watu zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI. Mikojo yao ilioteshwa, na waliokutwa na maambukizi walikuwa kama theluthi moja tu. Huenda baadhi yao walikuwa wameshameza dawa, sawa, lakini huwezi kuielezea theluthi mbili nzima kwa hilo. Na kati ya bakteria walioota, karibu nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa.

Unajua hao sugu wanatoka wapi? Tumboni mwako mwenyewe. E. coli anayesababisha UTI nyingi ni mkazi wa utumbo, na kwa maumbile ya mwanamke safari yake hadi kwenye njia ya mkojo ni fupi. Kila unapopewa sipro au sindano ya seftriaksoni bila sababu, E. coli wanyonge wa utumboni wanakufa, wanabaki wale ambao dawa haiwawezi, wanazaliana kwa raha kwa kuwa washindani wao hawapo. Mara nyingine ukiugua UTI ya kweli, hao ndio watakaopanda. Na usidanganyike na wanaosema sindano haipiti tumboni. Seftriaksoni sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ya nyongo, moja kwa moja hadi kwenye utumbo.

Madhara ya pili ya dozi hizo angekueleza vizuri zaidi mama yako, lakini vumilia, baba yako ni mtu wa maabara. Dozi hizo zinaua pia bakteria wanaolinda sehemu za siri, fangasi wanapata upenyo, unaanza kuwashwa na kuungua wakati wa kukojoa. Unarudi kupima, unaambiwa UTI imerudi, unaandikiwa nyingine. Nimeona wanawake wakizunguka hivyo mwaka mzima.

Kuhusu mjukuu wangu, tulia. Ni kweli zipo takwimu zinazohusisha antibiotiki za utotoni na pumu, unene na magonjwa ya utumbo, na panya waliopewa dawa hizo wakiwa wachanga walinenepa kweli. Lakini kwa binadamu ni vigumu kujua kipi kilitangulia: mtoto mwenye kifua chepesi, ambaye pumu inamnyemelea, ndiye huyo huyo anayepewa antibiotiki mara kwa mara kwa sababu anakohoa. Wako alikuwa na nimonia, anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani. Bila amoksilini tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa. Katika vijiji vya Niger, Malawi na hapa kwetu Tanzania, watoto wadogo waliwahi kupewa antibiotiki ya azithromaisini mara mbili kwa mwaka, na vifo kwa ujumla vikapungua kwa zaidi ya asilimia 13, hasa Niger. Kwa mafua na kuharisha kwa kawaida ndiko nitakakogombana nawe ukimpa. Akiharisha mpe ORS na zinki.

Hiyo chupa ya rafiki yako achana nayo. Wapo wanaosaidiwa na probayotiki kuepuka kuharisha wakati wa dozi, hilo silikatai. Ila watafiti wa Israel mwaka 2018 waliwapa watu antibiotiki kwa wiki moja, baadaye wengine wakapewa probayotiki na wengine wakaachwa walivyo. Walioachwa walirudi katika hali yao mapema zaidi. Hela hiyo nunua maharage, kunde, mchicha, na uache sembe urudi kwenye dona. Mtindi pia, usiojazwa sukari. Anza kidogo kidogo, maana ukivamia maharage leo gesi itakuzidi na utanilaumu mimi. Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, walikutwa mwaka 2023 na wastani wa aina 730 za bakteria kwa mtu mzima, wakati watu wa California walikuwa na 277. Hapo si antibiotiki peke yake, maisha yote ni tofauti, lakini nyuzinyuzi zina mchango mkubwa.

Basi fanya hivi. Kama sasa hivi huungui ukikojoa, huendi chooni kila mara na huna homa, usipime mkojo kwa kujifurahisha. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili kwa kawaida hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito, kwa hiyo ukishika mimba nenda ukapime hata kama hujisikii chochote. Dalili zikirudi, dai kuoteshewa kabla hujameza kidonge cha kwanza, ukikinga mkojo wa katikati. Majibu huchukua siku mbili tatu. Ikionekana ni kibofu tu, muulize daktari kama antibiotiki ya nitrofurantoini inakufaa. Yenyewe hujikusanya kwenye mkojo na utumbo hauibugudhi sana. Ukipata homa, kutapika au maumivu ya ubavuni usisubiri majibu, anza matibabu siku hiyo hiyo, huenda imefika kwenye figo.

Karatasi ya majibu ikitoka ipige picha unitumie, ile yenye orodha ya dawa na herufi S (dawa inamuweza bakteria) na R (haimuwezi) pembeni, nami nitakupigia usiku tuisome pamoja.

Baba yako