Maswali ya Wasomaji: Kipato cha Ziada Unapokuwa Njia Panda

Toleo hili tumelitenga kwa wasomaji ambao maisha yao yamebadilika ghafla au yanakaribia kubadilika, na ambao wanatafuta fedha kidogo za kuwavusha. Tumechagua barua tatu, na majibu hayalingani urefu kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani.

SWALI: Kwako mshauri, salamu. Nimekuwa karani kwa miaka mingi hadi idara yetu ilipofungwa na sote tukapunguzwa. Malipo niliyopewa wakati wa kuondoka yanaweza kunitosha kwa miezi minne nikijibana. Naendelea kutuma maombi ya kazi, lakini majibu yanachelewa. Baadhi ya ndugu wananishauri nitumie fedha zote kufungua biashara, na wengine wananiambia nitulie tu nisubiri. Nyumbani nina cherehani ninayoimudu vizuri, na ofisini mimi ndiye niliyekuwa nikisahihisha barua na ripoti za wenzangu. Je, naweza kupata kipato cha kuziba pengo bila kuharibu utafutaji wangu wa kazi? — *Karani aliyepunguzwa*

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokukuta. Kwanza tulipime hilo pengo unalotaka kuliziba, kwa kuwa watu wengi huanza kuhangaika na vibarua kabla hawajajua wanahitaji kiasi gani. Andika matumizi yasiyokwepeka ya mwezi mmoja, yaani pango, chakula, maji, umeme, dawa, ada na nauli ya kwenda kwenye usaili. Kisha jiulize kwa uaminifu kazi mpya inaweza kuchelewa hadi lini. Ukikadiria miezi sita, fedha zako za miezi minne zikigawanywa katika miezi hiyo sita zitalipia theluthi mbili ya matumizi ya kila mwezi. Unachotafuta nje, kwa hiyo, ni theluthi moja tu, na theluthi moja ni mzigo ambao cherehani na kalamu vinaweza kuubeba, mradi uanze mwezi huu na usingoje fedha ziishe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokushauri utumie malipo yako yote kufungua biashara sasa. Sina neno na biashara yenyewe. Hofu yangu ni kwamba fedha zikishageuka bidhaa haziwezi kulipa pango mpaka bidhaa ziuzwe, na biashara changa kwa kawaida hula kabla ya kulisha. Isitoshe, itakudai uwepo wako asubuhi hadi jioni, na hizo ndizo saa za kutafuta kazi. Katika kipindi kama hiki ni salama zaidi kuuza ujuzi na muda ulio nao kuliko kuuza kitu ambacho lazima ukinunue kwanza.

Kila kibarua kitakachokujia kipime kwa mambo mawili: fedha zitafika lini, na baada ya gharama utabaki na kiasi gani kwa kila saa. Jambo la pili huwapita wengi. Chukua mfano wa kazi inayolipa 100, kwa fedha ya nchi yoyote ile, lakini inakugharimu 30 za nauli na vifaa na kukuchukua saa tano ukihesabu safari. Umebaki na 70, sawa na 14 kwa saa. Kazi nyingine inalipa 60, unaifanyia nyumbani kwa saa mbili na gharama yake ni 10. Hapo umebaki na 25 kwa saa. Ile iliyoonekana ndogo ndiyo inayokulipa vizuri zaidi, nawe hukuweza kuligundua hilo kwa kutazama malipo peke yake.

Kwa upande wa cherehani, nakushauri uanze na marekebisho ya nguo na uache ushonaji wa nguo mpya kwa sasa. Nguo mpya inahitaji kitambaa, vipimo vingi na subira ya mteja, na ikikosewa unalipa wewe. Marekebisho, kama vile kupunguza urefu wa suruali, kubadilisha zipu au kubana kiuno, hayahitaji mtaji mkubwa na hulipwa nguo inapochukuliwa. Hata hivyo, itazame kazi hiyo kwa karibu kabla ya kutaja bei. Katika kupunguza suruali, mshono wenyewe huchukua dakika chache tu. Muda mwingi huishia katika kumpima mteja akiwa amevaa viatu atakavyovaa na suruali hiyo, kufumua pindo la zamani bila kuchana kitambaa, na kupiga pasi mkunjo mpya hadi ulale. Anayepanga bei kwa kuhesabu mshono peke yake anafanya kazi nusu bure. Kusanya nguo kadhaa, uzifumue zote, uzipige pasi kwa mkupuo, kisha uzishone mfululizo zile zinazotumia uzi wa rangi moja ili usibadilishe uzi kila mara.

Usahihishaji nao una soko, kwa kuwa wanafunzi, waombaji kazi na wafanyabiashara wadogo wote huandika vitu wanavyotaka visomeke vizuri. Toza kwa ukurasa, lakini omba kwanza uone kurasa mbili tatu, kwa sababu ukurasa ulioandikwa vibaya unaweza kukuchukua muda mara tatu ya ukurasa safi. Omba nusu ya malipo kabla hujaanza, na mkubaliane mapema ni mara ngapi mteja anaweza kurudisha kazi akitaka mabadiliko. Wengi huona haya kuomba malipo ya awali kwa mtu wanayefahamiana naye, ilhali madeni ya watu tunaofahamiana nao ndiyo magumu zaidi kudai.

Weka mpaka wa saa. Kibarua kidogo kina tabia ya kutanuka, na mteja aliyefurahi humleta mwenzake, hata unajikuta wiki nzima imepita hujatuma ombi hata moja. Zitenge saa ambazo akili yako iko macho zaidi kwa ajili ya kutafuta kazi, na vibarua vipe saa zinazobaki. Akija mteja siku ya usaili, mwambie siku nyingine bila kujieleza sana.

Soma pia barua yako ya kuondokea kazini neno kwa neno. Baadhi ya mikataba humkataza mfanyakazi kuwachukua wateja wa mwajiri wake wa zamani au kutumia nyaraka zake kwa muda fulani hata baada ya kuondoka. Kama unaishi katika nchi inayolipa posho kwa wasio na kazi, ulizia masharti kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kwani mara nyingi kipato cha pembeni lazima kitajwe hata kikiwa kidogo, na asiyekitaja anaweza kudaiwa arejeshe posho. Kodi vivyo hivyo: usidhani udogo wa kipato pekee unakisamehe. Haya yote yatakuwa mepesi ukiwa na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijaona pahali ambapo usemi huo una ukweli zaidi ya kwenye vibarua vinavyolipwa kidogo kidogo. Safu nne zinatosha: tarehe, kazi, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka.

SWALI: Mshauri, mimi na mume wangu tumetengana na kesi ya talaka inaendelea. Ninaishi na mtoto wa miaka miwili, hivyo siwezi kutoka kwenda kufanya kazi. Nimealikwa kwenye kikundi cha simu kinachotoa kazi ya nyumbani: unalipa ada ya kujiunga, unabofya matangazo kila siku, na unaongezewa ukileta watu sita. Rafiki yangu amejiunga na amelipwa kweli, mara mbili. Je, nijiunge, hata kwa kukopa? Nafikiria pia kuuza samani na vyombo nisivyovitumia. — *Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Mdogo wangu, nakusihi usijiunge, wala usikope kwa ajili hiyo. Rafiki yako hakudanganyi, kweli amelipwa, na malipo hayo ndiyo chambo. Mwaka 1920, katika jiji la Boston nchini Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Wa mwanzo walilipwa barabara wakaenda kuwasimulia jirani zao, lakini walilipwa kwa fedha za waliofuata, na mwezi Agosti mwaka huo huo mpango ukaporomoka na wengi wakapoteza akiba zao.

Hesabu ya watu sita nayo inajieleza. Mtu mmoja akileta sita, na kila mmoja wa hao akaleta sita, hatua ya kumi na tatu peke yake itahitaji zaidi ya watu bilioni 13, ilhali dunia nzima ina watu wapatao bilioni 8. Kwa hiyo hata kama waanzilishi wangekuwa na nia njema, lazima walio wengi wawe wa mwisho, na wa mwisho hawalipwi. Kipimo cha kuaminika ni kimoja: katika kazi halali fedha hutoka kwa anayetaka kazi ifanyike na kuja kwako. Ukiona unatakiwa kulipa ndipo uruhusiwe kufanya kazi, achana nayo.

Kuhusu kukopa, tazama riba kwa mwaka na si kwa mwezi. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi unasikika mwepesi, lakini usipolipwa na riba ikaongezwa juu ya riba, baada ya miezi 12 deni linakuwa zaidi ya mara tatu ya ulichokopa. Hakuna kibarua cha nyumbani kinachoweza kushindana na kasi hiyo.

Kazi unayoweza kuifanya ukiwa na mtoto ni ile inayovumilia kukatizwa. Kumlea mtoto mwingine mmoja pamoja na wako, kwa saa zinazojulikana, ni kazi halisi na wazazi huihitaji. Ulizia tu kama mahali unapoishi pana masharti ya leseni, na mwandikiane namba za dharura, dawa za mtoto na jina la anayeruhusiwa kumchukua. Wengine hupata kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi, ambayo unaweza kuifanya mtoto akilala, lakini ujue hesabu yake: malipo huwekwa kwa dakika ya sauti, na anayeanza anaweza kutumia saa nne au zaidi kuandika saa moja ya mazungumzo, hasa kama wanenaji wanakatizana. Gawanya malipo kwa saa hizo kabla hujafurahi.

Umeeleza pia mwishoni mwa barua yako kwamba unafikiria kuuza samani na vyombo usivyovitumia. Ni njia ya haraka, lakini kwako wewe ina mtego, kwa sababu mgawanyo wa mali haujaamuliwa. Uza kwanza vitu ambavyo bila ubishi ni vyako, na mengine muulize wakili au yeyote anayekusaidia katika kesi. Mweleze pia kuhusu kipato chochote utakachopata, kwani kinaweza kuhesabiwa katika matunzo ya mtoto, na ni afadhali kitajwe na wewe kuliko kugunduliwa na upande wa pili. Mnunuzi akikutumia kwa «makosa» fedha nyingi kuliko bei na kukusihi umrudishie ziada upesi, usirudishe kitu mpaka benki au kampuni ya simu ikuthibitishie kwamba malipo yale ni halali na hayawezi kubatilishwa, maana huo ni utapeli wa siku nyingi: malipo yake huja kufutika, na ziada uliyorudisha inakuwa imetoka mfukoni mwako.

SWALI: Nimestaafu ualimu hivi karibuni na mafao yangu bado yanashughulikiwa. Wazazi wa jirani wananiletea watoto wao niwafundishe hisabati, nami nimekuwa nikiwafundisha bure. Sasa nahitaji fedha, lakini naona aibu kuanza kutoza nilichokuwa nikikitoa bure. Nifanyeje? — *Mwalimu mstaafu*

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Wazazi wanaokuletea watoto wanajua thamani ya unachofanya, na wengi wao nadhani wamekuwa wakisita kuuliza wakulipe nini. Usianze kutoza katikati ya wiki kwa kushtukiza. Taja tarehe, kwa mfano mwanzo wa mwezi ujao, uwaandikie wazazi ujumbe mfupi wenye siku za masomo, muda, ada na utaratibu wa mtoto asipohudhuria. Ujumbe ulioandikwa utakupunguzia aibu ya kumtazama mtu usoni ukitaja fedha, na utazuia kila mzazi asiwe na bei yake.

Unapopanga ada, hesabu pia muda wa kuandaa mazoezi na kuyasahihisha, kwani somo la saa moja linaweza kukutaka nusu saa nyingine kabla na baada. Kuwafundisha watoto wanne wa kiwango kimoja kwa pamoja kunakuwezesha kumtoza kila mmoja kidogo huku wewe ukipata cha kutosha. Wakizidi sana, utalazimika kufundisha kama darasani, na mzazi hatapata alichokifuata, yaani jicho la mwalimu kwenye daftari la mwanawe. Pokea ada kwa masomo manne ya mbele badala ya somo moja moja.

Wapo watakaoshindwa kweli. Amua sasa, kabla hawajaja, ni watoto wangapi unaweza kuwafundisha bure bila kuumia, mmoja au wawili, na nafasi zao uzijaze wewe mwenyewe kwa kuwa unaijua hali ya familia zao.