Maswali na majibu: barua za makundi zimejaa inboksi

*Shikamoo fundi. Nipo kwenye makundi kadhaa ya barua pepe ya walimu wa sayansi. Nimeweka kichujio (agizo la kupanga barua zenyewe) kwa jina la kundi linalokaa kwenye kichwa cha habari, lakini barua nyingine bado zinaangukia inboksi. Mwalimu, Kasulu.*

Marahaba, mwalimu. Hili nimeshalijibu mpaka basi. Kichwa cha habari huandikwa na mtu, na mtu hukosea, hukibadili, au hufuta lile jina la kundi lililo ndani ya mabano. Kuchuja kwa mtumaji ndiyo bure kabisa, maana kwenye kundi kila mwanachama ni mtumaji. Anwani ya mpokeaji ina nafuu, mpaka siku mtu atakapoliweka kundi kwenye nakala ya siri (Bcc).

Chuja kwa List-ID. Ni mstari ambao programu inayoendesha kundi huubandika kwenye kila barua inayosambaza. Utaratibu wake uliandikwa rasmi mwaka 2001. Ukisoma barua kawaida huuoni. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza vidoti vitatu, omba kuonyeshwa barua asilia, utaukuta hivi:

List-ID: <walimu.mfano.or.tz>

Nakili kilicho ndani ya hizo alama. Kwenye kichujio andika list:walimu.mfano.or.tz, agiza barua ziruke inboksi na zipewe lebo. Weka tiki pia kwenye barua za zamani, la sivyo zitabaki zilipo, halafu utaniandikia tena.

*Natumia simu tu na sehemu ya vichujio siioni. Mwanga.*

Haipo. Programu ya Gmail ya simu haitengenezi vichujio. Nenda stationari, tengeneza huko, na simu nayo itafuata kwa kuwa vichujio hukaa kwenye seva, yaani kompyuta za mtoa huduma zinazotunza barua zako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, na usikubali kompyuta ya watu ihifadhi nywila yako. Mtu anaacha akaunti wazi, wiki ijayo analia amedukuliwa! Anayeshika barua pepe yako anaweza kubadili nywila zako nyingine karibu zote.

*Thunderbird yangu (programu ya barua pepe ya kompyuta) inapanga vizuri, ila kwenye simu naona zote zimerundikana. Ujiji.*

Vichujio vyake hufanya kazi ikiwa imefunguliwa. Laptopu imezimwa, nani apange? Viweke kwenye seva.

*Nikifuta lebo ya Gmail, barua zinapotea? Kigoma mjini.*

Hazipotei.

*Kundi la wafuga nyuki limenichosha. Nimeweka kichujio kifute kila kitu. Kibondo.*

Kwa nini usijiondoe? Makundi mengi huweka maelekezo chini ya kila barua. Usilijibu kundi zima kwa "naomba mnitoe". Tumezisoma za kutosha hizo. Wala usibonyeze kitufe cha barua taka kwa kundi ulilojiunga kwa hiari yako, maana wakifanya hivyo wengi, hata wanaozihitaji wataanza kuzikuta kwenye taka. Ila kama kundi hulijui na hujawahi kujiunga, kiungo cha kujiondoa usikiguse: hapo kitufe cha taka ni halali yako.