Umechaguliwa Chuo Kidogo cha Kijijini? Soma Kwanza Yaliyonipata Mimi

Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa nahesabu mauzo ya siku katika duka langu la dawa za mifugo hapa Boma Ng'ombe, nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa binti mmoja wa Rombo ambaye hatujawahi kuonana. Alieleza kwamba amemaliza kidato cha sita, kwamba alama zake hazikutosha kumpeleka kwenye udaktari wa binadamu aliouota tangu utotoni, na kwamba sasa amechaguliwa kusomea stashahada ya afya ya mifugo katika chuo kidogo cha serikali kilichoko kijijini, upande wa Arusha. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, niende, au nikae nyumbani mwaka mmoja nijaribu tena?"

Sikumjibu usiku ule. Chuo alichokitaja ndicho nilichosoma mimi, na swali lake ndilo nililojiuliza mimi mwenyewe kabla ya kwenda. Mimi nilikwenda, lakini nilikwenda kwa namna ambayo huenda ilikuwa mbaya kuliko kukaa nyumbani.

Nimekulia Uru, juu kidogo ya hospitali ya KCMC, na kwa mtoto wa kwetu aliyefanya vizuri katika Baiolojia makoti meupe yaliyoshuka kwenye daladala kila asubuhi ndiyo yalikuwa mafanikio yenyewe. Nafasi ilipokosekana, baba alisema niende nilikochaguliwa, mama akanunua sanduku, na baba mdogo, siku tuliyokusanyika kuniaga, akawatangazia wageni kwamba hatimaye ukoo umepata daktari wa mbuzi. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu mtu anayechekwa nyumbani kwao mbele ya wageni hana njia nyingine ya kutoka pale. Lakini neno lile nilisafiri nalo. Sanduku lenyewe sikulifungua kikamilifu kwa semesta nzima; nguo nilizitoa mojamoja na kuzirudisha humohumo, kama mtu aliyelala nyumba ya wageni akisubiri basi la alfajiri.

Chuo kilikuwa na wanafunzi wasiofika mia tatu, maktaba ya chumba kimoja iliyofungwa saa kumi jioni, zizi la ng'ombe wa maziwa, mabanda ya kuku, na josho ambalo wafugaji wa jirani walilitumia pamoja nasi. Kutoka barabara kuu ya Moshi hadi Arusha ulipanda bodaboda kwa nusu saa wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia, bodaboda wenyewe walikataa kupanda, nasi tukavua viatu. Mtandao wa simu ulishika vizuri mahali pamoja tu, chini ya mgrevilea uliokuwa pembeni ya uwanja wa mpira, na jioni tulikusanyika pale tukiwa tumeinua simu juu kama watu wanaoomba mvua.

Nilikidharau chuo kile, na sina neno la upole zaidi la kulieleza jambo hilo. Niliwadharau hata wakufunzi, kwa kuwa walikuja darasani wakiwa wamevaa mabuti yenye matope ya zizini, wakati mimi akilini mwangu mwalimu wa elimu ya juu alikuwa ni mtu wa suti na ukumbi mkubwa. Kila Ijumaa ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimeshashika njia ya Moshi, na Jumatatu nilirudi kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha. Ijumaa alasiri ndiyo ilikuwa zamu yetu ya maabara. Tulikuwa wanafunzi 42 na hadubini tano, hivyo yule asiyekuwapo hakukumbukwa na mtu. Nafasi yake ilichukuliwa mara moja na mwenye hamu. Niliamini kwamba nitasoma madesa, yaani notisi, ya wenzangu wiki ya mwisho, kama nilivyozoea sekondari, nami nitapita.

Mtihani wa vitendo wa somo la vimelea hufanyika kwa kuzunguka vituo. Unasimama mbele ya chupa au kioo cha hadubini, unapewa dakika chache, kengele inalia, unasogea. Kwenye kituo cha tatu palikuwa na kupe ndani ya chupa, na swali lilitaka aina yake na ugonjwa anaoueneza. Niliandika "kupe". Kwenye kituo cha saba palikuwa na kupe mwingine, ambaye kwangu mimi alifanana na yule wa kwanza kama punje mbili za maharage. Niliandika tena "kupe". Mkufunzi aliyesahihisha hakuongeza maneno. Aliweka sifuri mbili.

Matokeo yalibandikwa kwa namba za usajili ili kuficha majina, lakini katika darasa la watu 42 namba haifichi kitu. Kabla ya saa nne, saa ya chai, mpishi wa bwalo alikuwa ameshanipa pole. Katika mfumo wa vyuo vyetu, kazi za semesta hubeba sehemu ya alama na mtihani wa mwisho hubeba sehemu nyingine. Mimi nilikuwa nimeanguka pande zote mbili za somo lile, na masomo mengine mawili nilipita kwa C za kuponea chupuchupu. Nilikuwa na "sapu", yaani mtihani wa marudio, na ilinipasa kuingojea hadi mwisho wa mwaka.

Semesta ya pili sina la kuisimulia. Nililala bwenini, nikala ugali na maharage, nikahudhuria vipindi.

Mwezi wa nane wenzangu walipofunga virago, mimi nilibaki na wenzangu wanne wa marudio katika bweni lililokuwa tupu, kwenye baridi ya Meru inayoingia hadi kwenye mifupa. Siku ya pili nilijikaza nikaenda kugonga mlango wa fundi sanifu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumsalimu isipokuwa kwa bahati mbaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayepanda haisi Ijumaa."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alichukua funguo, akafungua kabati, akatoa chupa kumi na moja na kuzipanga mezani, kisha akaniambia nisifungue kitabu kwa siku tatu, niangalie tu. Nikaangalia. Kufikia siku ya tatu nilishangaa kwamba niliwahi kuwaona kupe wale kuwa kitu kimoja. Yule wa kahawia, asiye na mapambo, anayependa kujificha ndani ya sikio la ng'ombe, ndiye anayeeneza ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana na ambayo huwamaliza ndama wetu kuliko wanavyomalizwa na njaa. Huyu huhitaji wanyama watatu katika maisha yake, kwa maana kila hatua anadondoka na kutafuta mwingine. Kupe wa bluu hukaa kwenye mnyama mmoja tangu akiwa lava mwenye miguu sita hadi anapokomaa, na hueneza ndigana baridi. Yule mwenye mgongo wa rangirangi na mdomo mrefu huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji. Baada ya hapo mzee alinipeleka joshoni, akanishikisha ng'ombe wa jirani, akanionyesha tezi iliyo chini ya sikio, namna ya kuchoma sindano kutoa majimaji yake, kuyatandaza juu ya kioo, kuyatia rangi ya Giemsa na kuvitafuta vimelea kwa hadubini. Hadubini nzima ilikuwa yangu peke yangu, asubuhi hadi jioni, wiki mbili. Wenzangu waliokwenda vyuo vikubwa Dar es Salaam wananisimulia kwamba hawakuwahi kupata saa moja ya namna hiyo.

Mzee hakudai hata senti. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kutangaza kwamba maabara inaweza kufunguliwa nje ya ratiba, alinitazama kwa mshangao wa kweli: mlango ulikuwapo siku zote, hakuna aliyeugonga.

Nilifanya mtihani wa marudio nikapata C, kwa kuwa marudio hayakuruhusu zaidi ya hapo, hata kama ningeandika kitabu kizima. Mwaka wa pili nilisoma kama mwendawazimu. Nilikwenda fildi kwa wafugaji wa Longido, nikarudi na daftari tatu, na mmoja wa wakufunzi wale wale wa mabuti akaomba azitumie darasani. Hata hivyo hesabu haina huruma. Nilihitimu nikiwa na GPA, yaani wastani wa alama zangu zote, ya 2.9.

Ndugu msomaji, naomba usiruke hapa. Ili mwenye stashahada adahiliwe kusoma shahada, Tume ya Vyuo Vikuu hutaka GPA isiyopungua 3.0. Njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo kwa miaka mitano, ilikuwa wazi mbele yangu tangu siku ile niliyoshuka kwenye bodaboda na sanduku la mama; hakuna aliyeifunga ila mimi, kwa Ijumaa chache. Sehemu moja ya kumi. Miaka imepita, nina duka, nina pikipiki yangu, nina wafugaji kutoka Sanya Juu hadi Hai wanaoniita usiku ng'ombe akishindwa kuzaa, na bado kila ninapoiona namba hiyo mahali popote, hata kwenye bei ya kitu, nakunja uso.

Wafugaji huniita daktari. Wengine, wazee hasa, huniita bwana mifugo, ingawa wananiona dhahiri kuwa ni mwanamke. Lakini kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 daktari ni mwenye shahada, nami mwenye stashahada ni mtaalamu msaidizi, nami huwa nawasahihisha. Baba mdogo hana haja ya kusahihishwa. Ng'ombe wake akiugua humwita mtu kutoka Moshi mjini, na kwenye misiba bado hunitambulisha kwa wageni kama yule aliyekosa nafasi chuo kikuu. Sina kinyongo naye. Nasema tu kwamba mtu wake wa mjini ananunua dawa dukani kwangu.

Sasa turudi kwenye ushauri, maana hilo ndilo nililoombwa. Chuo kikubwa unaweza kupotea ndani yake na usionekane; chuo kidogo kinakuona kila siku, kinajua haisi unayopanda, na kinayaweka yote hayo moyoni. Mnaosoma hapa najua mna ndoto kubwa kuliko kijiji mlichopangiwa, nami siwaambii mzipunguze. Nawaambia mkagonge milango. Kagonge mlango wa maabara wiki ya kwanza, si mwezi wa nane. Kagonge mlango wa mkufunzi ambaye hukuelewa kipindi chake, kwa kuwa anaishi hatua mia moja kutoka bwenini kwako na jioni anakamua ng'ombe wake mwenyewe. Mkute hapo, shika ndoo, uliza. Kagonge na mlango wa afisa taaluma umwombe akuonyeshe namna GPA inavyokokotolewa, kabla hujaanza kuikusanya. Wengi wetu tuliijua hesabu hiyo tulipokuwa tumeshavaa majoho.

Kuhusu fedha, ambalo najua ndilo litakalofuata kuulizwa: kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo. Wakati wetu hilo halikuwapo, tulilipiwa kwa ndizi na kahawa za wazazi. Soma mwongozo wa mwaka wako, omba mapema, na usimwachie mtu wa steshenari akujazie fomu.

Vijana wa siku hizi, na hili nalisema nikijua nitaonekana mzee kabla ya wakati, mnapoteza muda mwingi mno kuulizana chuo gani kina jina. Ng'ombe mwenye homa ya nyuzi 41 hakuulizi umesoma wapi. Mwenye ng'ombe naye haulizi, akishaona umeshika tezi mahali panapostahili. Dharau uliyonayo kwa mahali ulipo hailipwi na mahali penyewe. Inalipwa na wewe, kwa alama zako, na risiti yake unatembea nayo maisha yako yote. Mimi yangu inasomeka 2.9.

Binti wa Rombo nilimjibu Alhamisi. Nilimwambia, mdogo wangu, nenda, na ripoti siku ya kwanza yenyewe, kwa sababu vitanda vya karibu na dirisha huisha mapema na vile vya ukutani vina unyevu. Beba mabuti ya mvua, overoli mbili, koti zito la mwezi wa saba, na ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa bomba la nyuma ya bweni hutoa maji alfajiri tu. Sanduku lifungue jioni ile ile, nguo zote zitundike. Mzee wa maabara amekwisha kustaafu na simfahamu aliyechukua nafasi yake, lakini chupa zile, kama hazijahamishwa, ziko kwenye kabati la mwisho, rafu ya chini, mkono wa kushoto.