Chaja ya betri: zima ukutani kwanza, klipu baadaye

Gari langu linaweza kukaa hata wiki mbili bila kuwashwa, kwa hiyo kuchaji betri nyumbani nimeshazoea sana, na mazoea ndo yaliyoniponza. Siku hiyo chaja ililala inachaji usiku kucha, asubuhi nina haraka zangu, nikafika tu nikang'oa klipu nyekundu huku chaja bado inawaka. Cheche moja, paa! Kifuniko kimoja cha betri kikaruka na asidi ikanirukia mkononi na kwenye shati, macho yalipona kwa sababu tu nilikuwa nimegeuka kuangalia simu. Mbio hadi bombani, nikajimwagia maji kama dakika 20 hivi. Shati nilipolifua likatoka na matundu utadhani limeliwa na mende.

Iko hivi, betri ya asidi ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, hasa ikikaribia kujaa, unaisikia kabisa inachemkachemka mle ndani, na hiyo gesi ikifika asilimia 4 tu ya hewa basi cheche kidogo inatosha kuilipua. Kwa hiyo siku hizi nachajia sehemu ya wazi, miwani usoni, pete na saa navua.

Kufunga: chaja haijachomekwa popote, klipu nyekundu unabana kwenye chanya, halafu nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri (kama umeitoa kwenye gari basi kwenye hasi yake), ndo uchomeke ukutani. Kufungua ni kinyume chake, ukutani kwanza, nyeusi, nyekundu mwisho. Hapo ndo mimi nilikosea, hamna kingine.

Moto wa chaja, yaani ampia zake, nao usiubandike wa juu eti uwahi. Angalia namba ya Ah (uwezo wa betri kubeba umeme) kwenye betri ugawe kwa 10, ya 60Ah ipe ampia 6, itachukua masaa kumi na zaidi kama ilikuwa tupu, vumilia tu. Na chaja yenye swichi ya aina ya betri, weka inayolingana na yako, AGM (zilizozibwa, asidi yake imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo) na za jeli zinaungua ukizipeleka kama za kawaida.

Kama betri yako inafunguka, cheki maji kabla, yawe yamefunika zile sahani za chuma za ndani basi, kujaza mpaka kwenye alama subiri ikishajaa chaji maana yakipata moto yanapanda na kumwagika. Betri iliyovimba au yenye ufa hata usiiguse na chaja.

Ikishajaa iache masaa kadhaa ndo upime, nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ukikuta kesho yake imeshashuka 12 na haijawasha kitu, hiyo imekufa, usiisumbue. Ile yangu iliyoruka kifuniko sikuipima hata, niliipeleka kubadilisha asubuhi ileile, na haraka zangu zote zikaishia hapo.