Asilimia 8 au asilimia 25: nichangie kituo kipi?

Swali: Daktari, nataka kuchangia kituo kinachohifadhi mbwa na paka waliotupwa. Kimoja kinasema huua kwa huruma asilimia 8 tu ya wanyama wake, kingine asilimia 25. Je, cha kwanza si ndicho bora?

Jibu: Usitoe mchango bado. Kwanza uliza kila kituo kimegawanya nini kwa nini.

Chukua kituo kilichoanza mwaka kikiwa kitupu, kikapokea wanyama 1,000. Kikaua 200, 30 wakafia vizimbani, 470 wakapata walezi au wakarudi kwa wenyewe, na 300 wangali ndani. Ukigawanya 200 kwa wote waliopokewa, unapata asilimia 20. Ukigawanya kwa wale 700 waliokwisha toka, hai au wafu, inapanda hadi karibu 29. Na ikiwa 60 kati ya hao 200 waliletwa na wenyewe wapumzishwe kwa ugonjwa usiotibika, vituo vingine huwaondoa katika hesabu, na hapo utaambiwa karibu 15, yaani 140 kwa 940. Kituo ni kilekile. Ndiyo maana mwaka 2004 vyama vya ustawi wa wanyama vya Marekani vilikutana Asilomar, California, kutafuta namna moja ya kuhesabu.

Wale 30 hawamo miongoni mwa waliouawa katika hesabu yoyote kati ya hizo. Mimi huuliza habari za hao mapema, maana palipojaa kupita kiasi, parvo (ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa) na mafua ya paka hupita kizimba hadi kizimba.

Kisha uliza mlangoni huingia nani. Kituo kinachokataa wazee, wagonjwa na wakali kitakuwa na asilimia ndogo bila jasho, na waliokataliwa huishia kwa jirani asiyeruhusiwa kumfukuza yeyote. Huenda huyo jirani ndiye mwenye asilimia 25 yako.

Na asilimia ndogo haisemi mnyama anaishije. Niliwahi kuitwa kumtazama mbwa aliyekaa kizimbani miezi 11. Pua yake ilikuwa imechunika kwa kuisugua kwenye waya, na ncha ya mkia ilitoka damu kwa kupigapiga ukuta. Alizunguka upande mmoja tu, saa nzima niliyokuwa pale. Katika ripoti alihesabiwa miongoni mwa waliookolewa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo siku za kukaa ndani zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wakiingia wanyama 10 kila siku na kila mmoja akakaa siku 30, unahitaji nafasi 300. Wakikaa siku 20, nafasi 200 zinatosha, na nafasi 100 zimepatikana bila kuua wala kujenga. Siku hizo hupunguzwa kwa kumhasi mnyama mapema badala ya kumweka akisubiri zamu, na kwa kumtafuta mwenye mnyama tangu siku ya kwanza.

Paka wachanga ni jambo la peke yake. Asiye na mama hunyonyeshwa kwa chupa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na kituo kisicho na mtu wa usiku mara nyingi huwaua. Kikiwa na walezi wa kujitolea wanaowachukua nyumbani hadi wafike wiki 8, wengi wao huishi. Kituo chenye asilimia 25 kikikuonyesha daftari la walezi hao, idadi ya waliofia vizimbani na wastani wa siku unaopungua mwaka hadi mwaka, mimi ningekichangia hicho.